Kamera Tatu na Begi la Kilo Kumi

2 Machi

…kwa hiyo tatizo si mlima, Mjomba, tatizo ni begi. Shikamoo kwanza! Jana karatasi iliniishia katikati ya habari nikaituma vivyo hivyo, na hii ndiyo sehemu ya pili. Zikikufikia pamoja, anza na ile yenye doa la chai.

Sisi wazima kabisa. Bibi mzima, anauliza kama mwanawe amevunjika vidole hata haandiki. Mume wangu anakusalimu. (Mume wangu! Nikiyaandika haya maneno mawili kalamu inacheka yenyewe.) Mjomba, huyu mtu! Juzi alikuwa anapima dirisha la chumba chetu ili tununue pazia. Akapima mara tatu kama anapima ikulu, halafu akanigeukia akanipima na mimi, utosini hadi kisigino, akaandika kwenye daftari lake la kazi: "Mke, mita moja na sentimita hamsini na nane." Msimamizi wake akilisoma atadhani bomba la maji linapita kichwani kwangu.

Sasa habari yenyewe. Mwezi wa saba ofisi ya maji inampeleka mlimani wiki tatu, akapime njia ya bomba kutoka kwenye chemchemi. Na mimi nakwenda! Msimamizi amekubali kwa kuwa tulioana Jumamosi na Jumatatu bwana harusi alikuwa shimoni na kamba yake ya kupimia. Hiyo ndiyo itakuwa fungate yetu. Lori linaishia kijiji cha mwisho, kuanzia hapo ni miguu siku nzima, na kila mtu anabeba begi lake. Kilo kumi, zinapimwa kwenye mizani, hakuna cha bibi harusi wala nani. Nguo, blanketi na chakula vinakula kilo nane. Zinabaki mbili za kamera.

Ninazo tatu: ile nyeusi ya mkanda wa filamu uliyonipa nilipomaliza kidato cha nne, ile ndogo ya kukunjwa uliyonipa wakati wa uchumba, na hii ya kidijitali niliyozawadiwa na walimu wa shule ninakofanya ukarani. Lakini moyo wangu unataka ya nne, ile yako ya rangi ya fedha iliyotupiga picha za harusi. Nataka iliyoniona siku ya kwanza ituone na huko juu. Niazime, tafadhali.

Na picha zenyewe, Mjomba? Mwezi umeisha. Sikuharakishi, ila unajua nilivyojiponza: nilimweka wifi yangu mlangoni na kapu, kila mgeni akatupa simu yake humo, ili macho yawe yako peke yako. Nikakukataza kamera ya pili. Nikakuomba mkanda mmoja tu, picha thelathini na sita, kila moja iwe ya thamani. Sasa kila nikipita mtu ananiuliza, "Ziko wapi hizo picha zilizotunyang'anya simu?" Na Bibi, aliyekukimbia wewe na kamera zako maisha yako yote, akasimama siku ile kwa hiari yake, anataka kujiona.

Ni mimi mpwa wako,
Kasuku


21 Machi

Kasuku,

Marahaba. Barua zote mbili zimefika siku moja, ya chai ikiwa chini.

Huku hakuna jipya. Ni msimu wa fomu za mitihani, kwa hiyo studio imejaa wanafunzi wa picha za pasipoti. Leo nimepiga arobaini na moja. Wote nimewaambia watabasamu kisha nikawakumbusha kwamba fomu hairuhusu kutabasamu. Bomba la chumba cha giza linavuja. Msalimie Bibi, mwambie vidole ni vizima. Msalimie Bwana Vipimo.

Kuhusu begi. Usichague kamera kwa uzuri wake, chagua kwa bega lako. Kamera nyepesi asubuhi si ile ile saa nane mchana ukiwa umepanda tangu alfajiri. Ya kidijitali ni nzuri ila inataka umeme, na chemchemi haina swichi. Ukiibeba, beba betri tatu, ulale nazo ndani ya blanketi maana baridi hunywa chaji. Ya kukunjwa inaingia mfukoni, lakini ngozi yake ya mkunjo imezeeka. Itazame kwenye mwanga kama haina tundu. Nyeusi haitaki betri, haitaki kubembelezwa. Ingekuwa mimi ningebeba nyeusi, na mikanda minne ndani ya soksi.

Ya fedha iko kwa fundi.

Mjomba


29 Machi

Shikamoo Mjomba wangu mpendwa, Mjomba Tabasamu usiyetabasamu,

Sisi wazima. Pazia limeingia kwenye dirisha bila kubaki hata nusu sentimita. Tulikaa kitandani tukalitazama saa nzima kama sinema. Najua unasema "ala", lakini ngoja nikwambie: jana mvua ilinyesha, akanifuata shuleni na mwavuli mmoja, na alipofika alikuwa amelowa mwili mzima kwa sababu hakuufungua. Aliogopa usije ukavunjika ubavu nami nikaukosa. Nani mwingine duniani, Mjomba?

Nimefanya ulivyosema. Nimekwenda na kamera zote dukani kwa jirani muuza unga, akanipimia kwenye mizani yake. Nyeusi na lenzi yake ni gramu mia saba na themanini. Ya kukunjwa, mia nne na kumi. Ya kidijitali ni mia tano, lakini betri na chaja zake zikipanda juu inakuwa mia nane. Muuza unga akauliza, "Unauza kwa kilo?" Nimeikunjua ndogo usiku mbele ya taa. Haina tundu. Kwa hiyo nyeusi na ndogo zinaingia, na inabaki nafasi ya moja yenye gramu mia nane. Mume wangu ameipima ya fedha kwa makadirio, kwa kumbukumbu ya mkono wako ulivyokuwa unashuka, anasema ni mia nane na ushei. Kwa hiyo unaona, Mungu mwenyewe ameiwekea nafasi.

Ila, Mjomba, fundi gani? Wewe ndiye fundi. Tangu nikiwa mdogo hukumruhusu mtu hata kuifuta vumbi kamera hiyo.

Na umejibu kila nililouliza isipokuwa moja. Kimya kingi kina mshindo, ndivyo anavyosema Bibi kila posta ikifunguliwa bila bahasha kubwa. Amenunua fremu. Mimi nimenunua albamu yenye jalada jekundu.

Kasuku wako


2 Mei

Kasuku,

Marahaba. Nimechelewa. Niliandika mara mbili nikachana.

Bomba limezibwa. Mpangaji wa jirani amehama, wamekuja washonaji, sasa nasikia cherehani mchana kutwa. Si mbaya. Bibi asinunue vitu kabla havijahitajika.

Huko mlimani ukungu huingia kwenye lenzi na kuota kama kuvu la mkate. Usiitoe kamera moja kwa moja kutoka penye joto kwenda penye baridi. Ifunge ndani ya mfuko wa plastiki, uiache ipoe taratibu, ndipo ufungue. Mifuko midogo ya kunyonya unyevu nitakutumia, ninayo mingi. Nafasi ya gramu mia nane iache wazi. Begi lisilojaa ni begi la mtu anayejua kufunga safari.

Dawa ya kusafishia picha imeadimika.

Mjomba


9 Mei

Shikamoo Mjomba,

Sote wazima, na nina furaha sina pa kuiweka! Dawa ikiwa imeadimika usihangaike tena, maana nimepata njia. Mume wangu anatumwa huko kwenu tarehe kumi na sita kuchukua vyombo vya kupimia. Atapita studio. Mpe mkanda kama ulivyo, hata kama haujasafishwa, hapa mjini kuna duka linalosafisha. Na umpe ya fedha kama fundi amemaliza. Nimemfundisha atakavyoibeba: kifuani, si begani, wala asiiweke sakafuni hata akiombwa na mfalme.

Nimempa pia orodha ya picha ninazozisubiri kuliko zote. Ile ya kuvishana pete, alipokosea mkono. Ile ya Bibi. Ile baba yake alipolia akasingizia moshi na hakukuwa na moshi. Sijalala vizuri kwa hamu, Mjomba, kama nitaolewa tena.

Kasuku


17 Mei

Kasuku,

Marahaba. Mume wako amefika salama, amekula, amelala kwenye kochi la wateja. Ni mtu mzuri. Ameninyooshea rafu iliyokuwa imepinda miaka kumi, bila kuombwa.

Amebeba mifuko ya kunyonya unyevu ishirini, na mkanda wa bega wa ngozi kwa ajili ya kamera nyeusi. Picha hakubeba. Ya fedha hakubeba.

Mjomba


30 Mei

Mjomba, shikamoo.

Bibi mzima. Mimi mzima. Sijui kama nyumba ni nzima.

Alirudi jioni na ile mifuko yako. Nilikuwa nimevaa gauni la njano, nimeweka albamu mezani. Nikamwuliza, "Ziko wapi?" Akasema, "Hazijawa tayari." Nikamwuliza, "Lakini umeziona?" Akachukua kamba yake akaanza kupima meza. Meza, Mjomba! Meza tuliyonunua pamoja, anaijua hadi misumari.

Nikamwambia, "Mume wangu, meza haijakua." Akasema, "Muulize Mjomba." Nikamwambia, "Mjomba nimemwuliza tangu mwezi wa tatu, nimefundishwa kufunga begi mpaka naweza kuwa mchukuzi. Nakuuliza wewe." Akapima mguu wa meza. Huo ndio ugomvi wetu wa kwanza, na sijui hata tumegombania nini. Tunapeana chumvi kwa adabu kama wageni hotelini.

Sasa kichwa changu kinaandika chenyewe. Nimetoka vibaya kiasi gani hata wanaume wawili wakubali kunificha? Au kuna mtu kwenye hizo picha? Kuna alichofanya mume wangu nyuma yangu, wewe ukakiona kwenye lenzi, na sasa mmekubaliana? Jana nilikaa nikihesabu wanawake waliohudhuria. Tazama nilipofikia, miezi minne tu ya ndoa.

Safari ni tarehe tano mwezi wa saba. Begi liko wazi kitandani. Sitalifunga, na sitapanda mlima na mtu ninayemtilia shaka, mpaka uniambie kuna nini kwenye mkanda ule.

Mpwa wako


8 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Nimepata barua yako leo asubuhi, nimefunga studio, najibu leo.

Kwenye mkanda hakuna kitu. Hakuna mwanamke, hakuna aibu, hukutoka vibaya. Hakuna picha hata moja. Niliusafisha siku ya tatu baada ya harusi, na dawa ilikuwepo ya kutosha. Umetoka mweupe mwanzo hadi mwisho kama kioo cha dirisha.

Ilivyokuwa ni hivi. Niliufunga mkanda nikiwa nimesimama mlangoni mwa ukumbi, maana magari yalikuwa yamekaribia. Unajua nilivyokufundisha: ulimi wa mkanda uingie kwenye kijiti cha kuuzungushia, ufunge mgongo wa kamera, usogeze mara mbili, na utazame kitasa cha kushoto. Kikizunguka, mkanda unatembea. Kisipozunguka, ulimi umechomoka na unapiga picha hewani. Nimewaadhibu wanafunzi kwa kutokitazama. Wewe mwenyewe nilikufinya sikio ukiwa na miaka tisa.

Niliposogeza mara ya pili, mlango wa gari ulifunguliwa, nawe ukashuka. Nikakutazama wewe, kitasa sikukitazama.

Kidirisha cha namba kilihesabu kama kawaida, kwa sababu chenyewe kinahesabu mkono, hakihesabu mkanda. Kilipopita thelathini na sita kikaenda thelathini na saba, thelathini na nane, nilijua mkanda hautembei. Wakati huo mlikuwa mnakata keki. Nikaendelea kubonyeza hadi arobaini na moja kwa sababu watu walikuwa wanatazama.

Ungeniruhusu kamera ya pili ungepona. Nilitaka kukuandikia hivyo, na ndiyo barua ya kwanza niliyochana. Si kweli. Kutazama kitasa ni kazi ya anayeshika kamera, si ya bibi harusi.

Mume wako hana kosa. Alitaka kuuona mkanda, nikampa, akaunyanyua dirishani akautazama wote, kipande kwa kipande, kama atakuta kitu. Kisha akauliza, "Tumwambieje?" Nikamwomba anyamaze mpaka mrudi kutoka mlimani. Nilisema ni kwa ajili ya furaha yako. Ilikuwa ni kwa ajili ya uso wangu. Nimempa mtoto wa watu mzigo wangu, nami nikauona mwepesi; mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. La mkanda lilikuwa bahati mbaya. Hili la pili nimelifanya kwa akili zangu.

Kamera haikuharibika, haijaenda kwa fundi yeyote. Iko kwenye droo. Sijaishika tangu siku ile, na picha za pasipoti napigia nyingine. Kwa Bibi nitaandika mwenyewe, nipe siku chache. Miaka hamsini nimemwomba asimame mbele yangu.

Mjomba wako


18 Juni

Shikamoo Mjomba wangu,

Barua yako nimeisoma shuleni, kwenye benchi la wazazi wanaosubiri. Nimelia mpaka mwalimu wa zamu akaniletea maji akidhani nina msiba. Nilikasirika siku mbili. Sikukasirikia mkanda. Nilikasirika kwamba wanaume wawili ninaowapenda kuliko wote walikaa kwenye kochi la wateja wakaamua ninachoweza kubeba na nisichoweza.

Siku ya tatu nilimwambia mume wangu, "Mjomba ameandika." Akakaa chini papo hapo, kwenye ngazi. Akasema, "Nilipima. Nikaona nikikwambia utaumia wewe, nisipokwambia nitaumia mimi. Nikachagua mimi." Nikamwambia vipimo vyake vimekosea, kwa sababu tuliumia wote wawili, na chakula kikapoa karibu mwezi mzima. Hakubisha. Mjomba, sikia nikwambie, mtu anayekubali amekosea bila kuongeza "lakini", hata ukimpata mlimani unamteremsha ukaolewa naye tena. Tumepatana. Ameahidi akinyamaza tena nitajua kwa kuwa atakuwa anapima meza.

Bibi usimwandikie. Nimemwambia mimi, unisamehe, siku chache zako nazijua urefu wake. Alicheka mpaka akashika ubavu. "Miaka yote namkimbia," alisema, "siku niliyosimama, kamera yenyewe ndiyo imekimbia!" Halafu akafuta macho akaniambia nikuulize kama alisimama vizuri. Nikamjibu sijui. Na kweli sijui, na hapo ndipo wazo lilipotujia.

Sisi tulikuwa ndani ya picha, Mjomba, hatukuziona. Mume wangu amechukua daftari jipya, akachora mistari, namba moja hadi arobaini na moja, na kila jioni baada ya kula tunaandika picha tano au sita, tunachokumbuka kila mmoja. Namba nne ni pete kwenye mkono usio wake, yeye anasema alikosea mara moja, mimi nasema mbili. Namba kumi na tisa ni baba mkwe na moshi wake wa bure. Keki tunaikumbuka, lakini yeye anaapa ilikuwa na ngazi tatu na mimi mbili, tena huyo ndiye mpimaji! Tumefika ishirini na tatu tukakwama. Ya Bibi hatuijui, wewe ndiye uliyekuwa mbele yake. Ya kwanza kabisa siijui, nilikuwa nashuka kwenye gari nikitazama viatu nisijikwae. Mtu pekee aliyeziona zote, moja baada ya nyingine, kwa jicho moja lililofumba na moja lililo wazi, ni wewe. Zimo kichwani mwako na bado hujatupa.

Kwa hiyo begi nimelifunga hivi. Ya kidijitali inabaki nyumbani, nimemwachia Bibi aichezee. Nyeusi imeingia na mkanda wake wa ngozi. Ndogo nimeitoa, samahani yake. Gramu zilizobaki ni za ile ya fedha, na usiniambie iko kwa fundi. Mkanda nitaufunga mwenyewe mbele yako, na wewe utasimama upande wa kushoto ututazamie kitasa.

Usiandike jibu, posta itachelewa, na barua zako nyingine huwa unachana. Tandika kochi la wateja na uchonge penseli mbili. Tunapanda gari Ijumaa tarehe ishirini na sita, mimi, mume wangu na daftari, na Bibi anasema naye anakuja. Kabla mwezi huu haujaisha tutakuwa mlangoni kwako.

Kasuku wako